Pikapu za betri zenye sauti ya kizee: nilizojaribu na niliyobaki nayo

Pikapu ninayoizungumzia ni ile iliyo chini ya nyuzi za gitaa la umeme, inayogeuza mtetemo wake kuwa umeme, si ya kubebea matofali. Na nikiri mapema kwamba kwa miaka mingi za betri sikutaka hata kuzisikia. Kwangu zilikuwa mali ya wapigaji wa muziki wa metali (heavy metal): EMG 81, modeli ya kampuni ya EMG, sumaku ya seramiki, sauti iliyokaza kama ngumi.

Gitaa langu lina pikapu tatu nyembamba za koili moja, za mtindo uliotoka na gitaa la Fender Stratocaster mwaka 1954. Sauti yake naipenda. Tatizo ni kwamba linavuma. Nikirekodi mbele ya kompyuta najikuta nazunguka na kiti kama mtu anayetafuta mtandao, mpaka nipate pembe ambayo mvumo unapungua. Unapiga kitu cha taratibu, noti ya mwisho inafifia vizuri, halafu chini yake unasikia umeme ukiguna. Uvumilivu ukaniishia.

Kabla ya kununua chochote nilijiuliza hiyo sauti ya zamani inatoka wapi hasa, na jibu lilinichekesha: sehemu kubwa ni kasoro. Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Koili hiyo ikikutana na kebo ya mita sita hivi, vinatengeneza kilele cha sauti kati ya Hz 3,000 na 5,000, na juu ya hapo trebo, yaani sauti kali za juu, inaporomoka. Kwa hiyo kebo nayo ni sehemu ya ala. Ukishusha volyumu kidogo, trebo inapungua nayo, ule ukali unalainika. Pikapu ya betri inavunja mpango huo wote: koili yake inapita kwanza kwenye kikuza sauti kidogo kilichomo ndani ya pikapu yenyewe, kebo haina la kusema tena, na kila kitu kinafika kwenye ampu (kikuza sauti cha nje chenye spika) kikiwa kizima. Ndiyo maana masikio yaliyozoea ukongwe yanalalamika kwamba zina baridi. Hazijapunguza kitu. Zimeacha kupunguza.

Basi nikawa natafuta mtengenezaji aliyerudisha kasoro zinazotakiwa na kuacha mvumo nje.

Nilianza na EMG SA. Si za metali hata kidogo: sumaku yake ni alnico (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), na David Gilmour wa Pink Floyd alizipiga kwenye Stratocaster yake nyekundu kwa miaka, naye Mark Knopfler wa Dire Straits alikuwa nazo kwenye gitaa lake la Pensa-Suhr. Ukimya wake ulinishtua. Niliongeza gein (kiwango cha kukuza) mpaka mahali ambapo kwa kawaida gitaa langu hulia lenyewe, nikadhani kebo imechomoka. Pikapu ya shingoni ni tamu, nene, kila noti ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inasikika peke yake. Ya kwenye daraja ni laini kuliko ninavyopenda, sauti imesuguliwa ikang'aa, na mimi nilitaka ule mkwaruzo. Wanaopenda solo ndefu zinazoelea wasitafute zaidi. Jambo moja la kujua: sumaku yake haivuti nyuzi kwa nguvu kama za zamani, kwa hiyo unaweza kuinua pikapu karibu na nyuzi bila noti za juu kupotoka. Mimi nilifanya kinyume, nikazishusha mpaka karibu zilale kwenye sahani ya mbele ya gitaa, na hapo ndipo zilipoanza kufanana na nilichokizoea. Nadhani wengi wanaozilaumu wameziacha juu mno.

Katikati hapo niliwahi kufunga seti moja ambayo jina lake nitalihifadhi. Ilisifiwa kwa ukongwe, ila niliposikiliza kwa makini nilipata mvumo umeondoka na mahali pake pamekaliwa na shshsh kama ya kikaangio. Nikaifungua siku ya tatu.

Kisha Fluence za kampuni ya Fishman, za upana wa koili moja. Hizi hazizungushwi waya. Koili zimechapwa kwenye tabaka nyembamba zilizobebanishwa, na saketi ndiyo inayochonga umbo la sauti. Zina sauti mbili: ya kwanza ya koili moja ya kizamani, ya pili nene zaidi, unabadilisha kwa kuvuta nobu. Niliweka swichi kati ya shingo na katikati, nikapiga rithimu ya kukata kwa kidole gumba na kucha, nikaipata ile sauti yenye uwazi ndani, kama kugonga kibuyu. Kilele kile cha trebo kipo mahali pake. Sauti ya pili nimeitumia mara chache tu.

Hata hivyo volyumu haidanganyi. Shusha kutoka 10 hadi 6, sauti inapungua lakini rangi inabaki ileile. Dawa niliyoipata ni kushusha toni sambamba kwa kidole cha mwisho, na sasa mkono umezoea. Kwa fazi ya mtindo wa kale, pedali ya kukwaruza sauti, sijapata dawa. Pedali ile inataka kuhisi koili moja kwa moja, na ikikutana na pikapu ya betri inakuwa kali, haisafiki kama kawaida unapopunguza volyumu.

Kufunga si kazi kubwa. Nobu za kilo-omu 250 zinatoka, zinaingia za 25, na ni vizuri kubadilisha pikapu zote tatu kwa pamoja. Kilichonitoa jasho ni betri ya volti 9, maana gitaa halikuchongwa nafasi yake. Niliifunga sponji nikaisukuma pembeni ya nobu, kifuniko kikafunga kwa kubembelezwa. Kumbuka pia kwamba soketi ndiyo swichi: kebo ikiwa ndani, betri inaliwa. EMG wanahesabu hadi saa 3,000 kwa betri moja, Fluence hula haraka zaidi. Mimi niliacha kebo ndani usiku kucha zaidi ya mara moja, na siku betri ilipokata roho sauti ilianza kupasuka kwenye kodi nzito, kisha ikakonda, kisha kimya, nami niko katikati ya ubeti. Kosa langu.

Za hambaka (za koili mbili zinazofuta mvumo), zinazofuata PAF, pikapu ya zamani ya Gibson iliyobuniwa na Seth Lover, nimezipiga kidogo tu kwenye gitaa la rafiki: EMG 57/66 na Fluence Classic. Zote mbili zina joto, na sauti ya kwanza ya Classic ndiyo ningeichagua.

Nimebaki na Fluence. Pikapu za zamani ziko kwenye kopo pamoja na nobu zake, na fazi nimeihamishia kwenye gitaa la pili, ambalo bado linavuma.