Kadi za sarafu za zamani, Posta: sarafu ni halisi, maelezo yarekebishwe

Kadi hizi zinazouzwa kwenye meza za vitu vya kale eneo la Posta, Dar es Salaam, zina sarafu sita: pesa ya Kijerumani ya 1891, hela ya 1904, shilingi ya Afrika Mashariki, nusu shilingi, senti kumi yenye tundu na shilingi ya Tanzania ya 1966. Tumeikagua moja kwa lenzi na mizani ya sonara. Sarafu zote ni halisi, si za kughushi. Nunua, ila usilipe kabla ya kukagua.

Anza na shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba mbele ya milima, maana ndiyo inayopandisha bei. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli tupu. Uzito unakaribiana mno, kama gramu 7.8, kwa hiyo mizani haikusaidii hapo, soma mwaka. Kadi yetu imeandikwa "fedha" juu ya shilingi ya 1950. Ukikuta hivyo, dai punguzo bila aibu. Tazama pia herufi ndogo zinazoonyesha sarafu ilitengenezwa wapi: SA ni Pretoria, I ni Bombay, H ni Birmingham.

Maelezo yaliyochapwa ndiyo yanayoangusha kadi. Yanadai shilingi ni jina tulilorithi kwa Wajerumani. Si kweli: Wajerumani hapa walitumia rupia, na jina shilingi lililetwa na Waingereza kupitia Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa London mwaka 1919. Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanza kutoa fedha zao 1966, kila moja ilibaki nalo. Cha Wajerumani ni hela, kutoka Heller, sarafu iliyopewa jina la mji wa Hall. Mwaka 1904 rupia iligawanywa kwa hela 100 badala ya pesa 64.

Kuhusu nusu shilingi, kadi imeandika "sumuni" bila maelezo, na hapo ndipo pangenoga. Neno hilo limetokana na thumuni, yaani moja ya nane kwa Kiarabu. Sasa nusu inaitwaje moja ya nane? Ni moja ya nane ya riale, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa, iliyohesabiwa kwa takriban rupia mbili. Mwaka 1920 rupia ikawa florini, sarafu ya Waingereza, kisha florini ikabadilishwa kwa shilingi mbili. Riale basi ni kama shilingi nne, na moja ya nane yake ni senti hamsini. Hesabu inakubali kabisa, na inapendeza kuona sarafu yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza ikiitwa kwa kipimo cha soko la Pwani. Mchapishaji angeongeza mistari miwili tu.

Kasoro kubwa ni mfuko. Ni plastiki laini yenye harufu kali, ya PVC, na kwa joto na unyevu wa Dar hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Zile sarafu za Kijerumani, pesa na hela, ndizo huharibika kwanza. Zitoe siku hiyohiyo. Ukikuta ute, loweka sarafu kwenye asetoni safi, si ile ya kucha yenye rangi na manukato, mbali na moto, kisha iache ikauke bila kuisugua. Usitumie majivu, ndimu wala dawa ya kung'arishia shaba: sarafu iliyong'arishwa hushuka thamani, na haiwezi kurudishwa ilivyokuwa. Hifadhi kwenye bahasha za karatasi zisizo na asidi, moja kwa kila sarafu.