Snokeli na mirija ya kupumulia: kipi kinunuliwe kwanza kwa gari la barabara za Bukavu

Mwenye Land Cruiser au Hilux anayetoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenda Mwenga, Kamituga au Shabunda katika miezi ya mvua, ambayo huku huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, hakawii kutafuta snokeli, yaani lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa kutoka kimo cha paa. Ni kifaa chema, na aina zake nitazipanga hapa chini. Hata hivyo nafasi ya kwanza siipi snokeli yoyote. Naipa mirija ya kupumulia, yaani mipira myembamba inayopandisha juu matundu ya hewa ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli), giaboksi na transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma), kwa sababu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na bei yake ni ndogo kuliko ya kitu kingine chochote katika mwongozo huu.

Difu hupata moto gari linapotembea, na hewa iliyomo ndani yake hutanuka. Kiwandani huwekewa tundu dogo lenye kifuniko juu ya ekseli ili hewa hiyo itoke bila kusukuma sili, yaani raba zinazozuia oili isivuje. Gari likiingia mtoni, chuma hicho cha moto hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na difu huvuta kilicho karibu na tundu au sili, yakiwa maji, matope au mchanga. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kupoteza uwezo wa kulainisha, kisha beringi na meno ya gia huliwa taratibu, mara nyingi bila mlio hadi uharibifu uwe mkubwa. Tazama na vipimo: tairi la 7.50R16, linalovaliwa na Land Cruiser nyingi za kazi, lina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo maji ya sentimita 40 tu yameshafika katikati ya ekseli, ilhali mdomo wa hewa wa injini bado uko juu sana. Mto usiohitaji snokeli hata kidogo unaweza kuharibu difu.

Seti zilizo tayari zipo, kwa mfano ya ARB ya Australia, ambayo huja na kiunganishi cha kukusanya mirija mahali pamoja chini ya boneti. Ni nzuri, lakini si lazima. Fundi makini anaweza kufanya kazi ileile kwa mpira wa mafuta wenye tundu la milimita 6 hadi 8, au kwa mrija wa nailoni, ili mradi auinue hadi juu kabisa ya chumba cha injini na kuuwekea filta ndogo mwishoni. Akatae mpira mwepesi wa maji unaoonyesha ndani, kwa kuwa joto huulainisha ukajikunja na kuziba. Aache urefu wa ziada, maana ekseli hupanda na kushuka. Apitishe mrija mbali na ekzosi. Wala asiache mahali palipoinama panapoweza kutuamisha maji au oili.

Baada ya hapo ndipo snokeli, na hapa nafasi ya juu naipa ile ya mtengenezaji wa gari lenyewe, au ya kampuni inayotengeneza kwa kufuata aina moja ya gari na injini yake, kama Safari ya Australia. Plastiki yake ni polyethilini nene inayostahimili jua na kugongwa na matawi, na viungo vyake hukaa sawa bila kulazimishwa. Anayenunua Land Cruiser iliyotumika na shirika la misaada aangalie kwanza, kwani nyingi huja na bomba hilo tayari, na kazi inayobaki ni kukagua viungo tu.

Nafasi inayofuata ni ya nakala zisizo na jina zinazoletwa kutoka China, mara nyingi kwa kupitia Dubai. Baadhi zinafaa. Kasoro yao huwa kwenye kiungo kati ya bomba na sanduku la filta, ambako raba ni nyembamba na vibanio hupata kutu, pamoja na plastiki ngumu ya ABS inayopasuka ikigongwa. Ukiichukua, tenga fedha za raba ya silikoni na vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Bomba la chuma lililochomelewa gereji naliweka mwisho. Si kwamba mafundi wetu hawajui kazi, bali chuma hushika kutu kwa ndani, na magamba yake huteremka moja kwa moja kwenye filta.

Zipo pia zile zinazobandikwa nje kwa urembo bila kuunganishwa na injini. Hizo hazistahili nafasi yoyote, na zinahatarisha mali, kwa kuwa dereva huziamini akaingia kwenye maji.

Kwa vyovyote, taja namba ya injini unapoagiza. Hilux ya petroli na ya dizeli za mwaka mmoja zinaweza kuwa na sanduku la filta tofauti, na tundu likishatobolewa kwenye madigadi halirudi. Kingo za tundu hilo zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Kichwa cha bomba kinategemea njia zako. Kile kinachotazama mbele kina matundu ya kutoa matone ya mvua, nacho ndicho ninachopendekeza kwa Bukavu. Anayeshuka Kamanyola na kupita bonde la Ruzizi hadi Uvira wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, akivuta vumbi la magari yaliyotangulia, atafaidika zaidi na kichwa cha kuzungusha hewa, ambacho hutupa vumbi pembeni kabla halijafika kwenye filta. Kwa watu wengi hapa, kupunguza vumbi ndiyo faida ya kila siku ya snokeli kuliko kuvuka mito.

Muuzaji akikuambia kwamba itaongeza nguvu, usilipie ahadi hiyo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani, na bomba halibadilishi hilo.

Kabla ya kulipa fundi, omba jaribio. Injini ikiwa inanguruma polepole, mdomo wa bomba uzibwe kwa kibao bapa: injini inapaswa kufifia na kuzima ndani ya sekunde chache. Isipozima, inavuta hewa mahali pengine, na hapo maji nayo yatapita. Maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa silinda, pistoni hukwama na konrodi, chuma kinachoishika pistoni, hupinda, na injini ya dizeli iliyofika hapo ni ya kufunguliwa yote. Sehemu za kukagua kwanza ni mfuniko wa sanduku la filta na raba ndogo ya kutolea maji iliyo chini yake.

Snokeli ikiwa kamili, bado altaneta, feni na waya havijainuliwa. Toyota huitajia Hilux kikomo cha kuvuka maji yenye kina cha milimita 700, na bomba si ruhusa ya kupita hapo. Siku inayofuata baada ya kuvuka maji marefu, fungua kizibo cha difu utazame oili. Ikiwa imegeuka rangi, imwagwe yote na ijazwe mpya kabla gari halijaondoka.