Masika msituni: Jozani au Ngezi?

Kila masika swali hili hurudi. Kwa nauli, msitu wa Jozani ni nafuu kwa mtu wa Unguja: unapanda daladala mjini, jioni umerudi. Msitu wa Ngezi uko ng'ambo, kaskazini-magharibi mwa Pemba. Bahari ikichafuka safari huahirishwa, basi weka siku ya akiba.

Njia je? Jozani ardhi yake hutuama maji, ila kwenye mikoko unapita juu ya mbao. Zikirowa huteleza kama mlenda! Ngezi ni udongo na majani. Makubadhi hayafai, vaa mabuti ya mpira.

Kima punju, wale wenye mgongo mwekundu, wakijikunyata mvuani Jozani utawaona karibu kabisa. Mimi moyo wangu uko kwa popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwengine duniani.

Una watoto na siku moja? Jozani. Siku tatu na jamaa Wete, Pemba? Vuka.