Programu za kuzuia tovuti kwenye simu: ipi uweke, ipi ulipie, ipi ukae nayo mbali

Ukitafuta programu ya kuzuia tovuti kwenye Play Store unaletewa orodha ndefu, na karibu zote zinaahidi kitu kilekile: utulivu, muda zaidi, kazi kuisha mapema. Kuzuia tovuti si kazi ngumu, hata ile mbovu kuliko zote inaweza. Swali ambalo maelezo yao huwa yanalikwepa ni hili: saa tano usiku, ukiwa umeshajikatia tamaa na unataka kuizima, itakusumbua kiasi gani? Nimezipanga kwa kigezo hicho kwanza, bei baadaye, nikiwa na simu ambazo wengi wetu tunazo kichwani: Tecno, Infinix, itel, Redmi na Samsung za bei ya kati. Wa iPhone nao wamo, ila kwa ufupi, maana kwao mengi Apple imeshawaamulia.

Kwanza, kivinjari

Kwenye Android, nyingi ya programu hizi hazigusi intaneti yenyewe. Zinasoma anwani iliyo juu ya kivinjari, na zikiikuta kwenye orodha yako zinaufunika ukurasa. Chrome na Firefox zinasomeka bila shida. Phoenix, ile inayokuja ndani ya Tecno na Infinix, inategemea programu ya kuzuia uliyoichagua. Opera Mini ndiyo mtihani: ikiwa kwenye hali ya kubana data, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, hivyo hata kizuizi kinachofanya kazi ngazi ya mtandao hakijui unakwenda wapi. Kinaona unaongea na Opera, basi.

Kwa hiyo baki na kivinjari kimoja. Vingine viondoe, na vile vilivyozaliwa na simu vizime au uviingize vyenyewe kwenye orodha ya programu zilizofungwa. Halafu fanya jaribio kabla hujalipa hata senti: weka tovuti moja kwenye orodha, ifungue kwa njia ya kawaida, ifungue kwenye dirisha fiche (incognito), kisha bonyeza kiungo chake ukiwa ndani ya Facebook. Facebook ina kivinjari chake cha ndani, na hapo ndipo programu nyingi zinapopigwa chenga. Mwisho zima simu, iwashe, ujaribu tena. Isiyofaulu hapo usiipe pesa.

Pili, ruhusa unayoombwa

Ili isome kivinjari, programu itakuomba ruhusa ya ufikivu (Accessibility). Ruhusa hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa mfano asiyeona anayesomewa maandishi na simu. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kuona kilichoko kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako, na skrini hiyohiyo ndiyo unayofungulia benki na M-Pesa. Ndiyo maana sishauri kabisa matoleo "yaliyofunguliwa" yanayozungushwa kwenye magrupu ya Telegram. Kuanzia Android 13, simu yenyewe huweka kipingamizi pale programu iliyotoka nje ya Play Store inapoitaka ruhusa hiyo. Ukiona video inakufundisha kukiruka kipingamizi hicho ili upate toleo la kulipia bila kulipa, achana nayo.

1. AppBlock, kwa mtu wa Android anayetaka moja tu

Hii ndiyo ningeanza nayo. Inatoka Jamhuri ya Czech, toleo la bure linatosha kuijaribu kwa haki, na inafunga programu na tovuti kwa pamoja. Unatengeneza ratiba, tuseme Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni (simu itaandika 08:00 hadi 16:00), unaingiza tovuti zako, imeisha. Unaweza pia kuzuia kwa neno badala ya anwani, ila kuwa makini na maneno mafupi. Ukiweka "bet" ukidhani umeumaliza mkeka, siku utakayotafuta bei ya betri ya Infinix unaweza kukuta nayo imefungwa, kwa sababu ulichokiandika Google huingia ndani ya anwani.

Kilichoipa nafasi ya kwanza ni Strict Mode, yaani hali kali. Ukiiwasha, huwezi kurekebisha ratiba wala kuiondoa programu mpaka sharti ulilojiwekea litimie: muda uishe, au simu ichomekwe kwenye chaja. Hiyo ya chaja ni kali kwa aliye kwenye daladala, lakini si kitu kwa aliyelala kando ya soketi. Chagua muda. Na anza na saa moja au mbili, maana watu huiwasha siku ya kwanza kwa wiki nzima, kisha wanagundua wamejifungia tovuti ya kazini.

Udhaifu wake si wake peke yake. Tecno, Infinix na itel zina tabia ya kuua programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na Redmi nazo ni walewale. Unaweka kizuizi asubuhi, mchana hakipo. Ingia kwenye mipangilio ya betri uitoe AppBlock kwenye orodha ya zinazobanwa, kisha tafuta sehemu ya kuruhusu programu zijiwashe zenyewe. Kwa Tecno na Infinix mara nyingi iko ndani ya Phone Master. Watu wengi wanaoandika Play Store kwamba "haifanyi kazi" hawakufika hapo.

2. BetBlocker, kama tatizo ni mkeka

Tungekuwa tunazungumzia kubeti peke yake, hii ingekuwa namba moja na nafasi ya pili ingebaki wazi. Ni ya shirika la hisani la Uingereza, haina malipo, haikuombi kufungua akaunti wala kutaja jina. Inakuja na orodha yake ya maelfu ya tovuti za kubahatisha, kwa hiyo huhitaji kuziandika moja moja, kazi ambayo yenyewe ni kishawishi. Unachagua muda, kuanzia saa 24 hadi miaka 5, na ukishathibitisha hakuna kubadili mawazo. Ipo kwa Android, iPhone na kompyuta. Anza na saa 24 uone inavyokaa kwenye simu yako, ndipo uongeze.

Ina mipaka miwili. Kampuni ndogo za hapa kwetu zilizoibuka juzi zinaweza kuwa hazimo kwenye orodha, na mkeka unaowekwa kwa SMS au kwa kubonyeza nyota na namba haupiti kwenye intaneti, hivyo hakuna programu ya aina hii itakayouona. Huko dawa ni kuiandikia kampuni husika ikufungie akaunti. Mshindani wake, Gamban, ni ya kulipia kwa mwaka. Sioni sababu ya kuanza nayo wakati hii ni bure.

3. ScreenZen na one sec, kwa asiyetaka kufungiwa

Hizi hazifungi mlango, zinakuchelewesha. Ukigusa Instagram unasubirishwa sekunde kadhaa, unaulizwa kama kweli unataka kuingia. Inaonekana kama mchezo wa kitoto, lakini ina ushahidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la PNAS uliwafuatilia watumiaji 280 wa one sec kwa wiki sita, na katika asilimia 36 ya mara walizojaribu kufungua programu waliyoichagua, waliifunga baada ya kusubirishwa. Mmoja wa waandishi wa utafiti ni mtengenezaji wa programu yenyewe, kwa hiyo pokea namba hizo ukijua hilo.

Kati ya mbili hizi, chukua ScreenZen. Ni bure, ipo Android na iPhone, na unaweza kupanga muda wa kusubiri uongezeke kila unaporudi. One sec bure inakupa programu moja tu. Zote mbili zinamfaa anayefungua simu bila kujua kwa nini ameifungua. Mwenye uraibu wa kweli atasubiri sekunde zake na kuingia.

4. Ulichonacho tayari

Android ina Nidhamu Dijitali (Digital Wellbeing) na iPhone ina Screen Time, zote za tangu 2018. Kwa Android unaweka kikomo cha dakika kwa kila programu. Kikiisha unaingia mipangilio unakiongeza, hakuna anayekuuliza. Ni kufuli ambalo ufunguo wake umening'inia mlangoni. Itumie kwa wiki moja kujua muda wako unaenda wapi hasa, kisha uchague kutoka juu.

Kwa iPhone hali ni bora. Ndani ya Screen Time, kwenye vizuizi vya maudhui, chagua kupunguza tovuti za watu wazima. Chini yake kuna sehemu ya kuongeza tovuti zozote usizozitaka kabisa. Ukifanya hivyo, Safari inapoteza na dirisha lake fiche, jambo zuri kwetu. Namba ya siri mpe mtu mwingine aiweke, dada yako au mwenzako wa chumba, na asikwambie. Kwa mpango huo huhitaji kununua kitu. Opal, inayosifiwa sana na watu wa iPhone, ni nzuri kwa macho lakini bei yake ni ya watu wenye mishahara ya London.

5. NextDNS, kwa simu ndogo

Kama simu yako ina RAM ya GB 2 na kila programu ya ziada inaifanya ikwame, usiongeze programu. Kila unapofungua tovuti, simu huiuliza kwanza DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya mtandao, na NextDNS ni DNS inayokataa kujibu kwa tovuti ulizozizuia. Kuanzia Android 9 kuna sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS) kwenye mipangilio ya mtandao. Unafungua akaunti NextDNS, unachagua cha kuzuia, unaandika hapo anwani uliyopewa. Haili betri wala haiombi kusoma skrini, na inaizuia TikTok pamoja na tovuti yake kwa mkupuo. Bure unapata maombi 300,000 kwa mwezi. Yakiisha, intaneti inaendelea ila uchujaji unasimama. Kasoro zake: kuizima ni kazi ya sekunde chache, na haiwezi kukuachia YouTube huku ikiondoa Shorts.

6. Freedom, kwa mwenye kompyuta

Inafunga simu na kompyuta kwa wakati mmoja, na hilo ndilo unalolipia. Kama huna laptop, iruke. Kwenye iPhone inategemea VPN, na kwa ujumla simu haikubali VPN mbili kwa pamoja. Walioko Tanzania wanaotumia VPN kuingia X tangu ilipozuiwa Mei 2025 wachunguze hilo kwanza kwa programu yoyote ya mtindo huu.

Ukiamua kulipa

Nyingi zinatoa siku za majaribio kisha zinakata pesa ya mwaka mzima zenyewe. Ukitumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, weka kiasi cha malipo hayo tu. Na kuifuta programu kwenye simu hakusitishi usajili: fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye malipo na usajili, ughairi huko, ikiwezekana siku mbili kabla ya tarehe.