Nimelipa laki tatu na nusu nikarudishiwa mbwa anayeogopa fagio

Naandika bado nina hasira, mnisamehe nikiruka ruka. Nina jemani shepadi dume anaitwa Simba, kilo 38. Alikuwa anavuta kamba mpaka ananiburuza getini, na mgeni akiingia anamrukia, sio kwa ukali, ni furaha tu, lakini siku alipomwangusha mama mkwe nikasema hapana, huyu aende akafundishwe. Nikaelekezwa kwa jamaa mmoja huku Mbezi anayefundisha mbwa, anakaa nao wiki tatu, laki tatu na nusu, chakula juu yangu.

Kusema haki kazi aliifanya. Simba alirudi ukimwambia siti anakaa, anatembea pembeni ya mguu, havuti kabisa. Siku ile nilimsifia yule jamaa kwa kila mtu.

Kesho yake asubuhi nikachukua fagio la chelewa nifagie uani. Yaani nimeliinua tu hivi, mbwa mzima huyo akalala chini, masikio yamelala, mkia kauficha, akajikojolea pale pale, halafu akajivuta kwa tumbo mpaka chini ya gari, hakutoka mpaka jioni. Na ni fagio lile lile alilokuwa analing'ata na kukimbia nalo uani ili nimfukuze! Nilikaa chini kwenye vumbi namwita, ananiangalia tu anatetemeka.

Nikampigia jamaa. Eti "Madam, mbwa mkubwa bila fimbo hakuheshimu, ukimlea kwa vinyama kesho anakupanda kichwani." Nikamwambia kaka, sikukuletea mbwa umpige. Akacheka. Jamani, akacheka! "Nyie wanawake mnafuga mbwa kama watoto." Akakata simu.

Sasa nimuulize, hapo Morogoro pale chuo cha kilimo SUA, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, panya akipatia anasikia klik anapewa ndizi, basi, hakuna fimbo. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa hapa hapa Tanzania, akaenda Kambodia akagundua mabomu zaidi ya 70, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Panya! Halafu wewe unaniambia mbwa haelewi mpaka achapwe? Na huyu wa kilo 38 siku akichoka kuogopa akaamua kung'ata, nani atamshika?

Daktari anayemchanja kichaa cha mbwa akaniunganisha na dada mmoja anayekuja nyumbani. Ana kasoro zake, meseji hajibu na juzi kaniweka saa nzima, ila kazi yake nimeiona kwa macho. Alitaka firigisi za kuchemsha bila chumvi, zikatwe ndogo kama harage. Akanifundisha kitu ambacho sikukijua: mbwa akigusisha tu matako chini, sekunde hiyo hiyo useme "safiii" na kipande kiwe kimeshafika mdomoni, ukichelewa ukampa ameshasimama basi umemlipa kwa kusimama. Fagio tukalilaza chini mbali, firigisi karibu nalo, kila siku tunalisogeza kidogo, hakuna kumlazimisha, akitaka kuondoka anaondoka. Siku ya tatu alitoka chini ya gari mwenyewe, akachukua kipande akarudi mbio, mi machozi yananitoka.

Huyu dada nilitaka nimpe nyota nne kwa kuchelewa. Hapana, tano, kuchelewa kwake sio kitu. Na pale juu nimesema yule jamaa kazi aliifanya, nafuta. Hakufundisha, alimtisha mnyama akamrudisha kanyamaza, na mi nikaona ndio adabu.

Jana nimefagia uani kote Simba kakaa kwenye ngazi ananiangalia, hakukimbilia gari. Ila fagio likipanda juu ya kiuno bado anatetemeka. Hela yangu sijarudishiwa, na namba yangu jamaa kaiblok.