Nililipishwa nzi aliyefungwa vibaya: uzoefu wangu wa kuvua trauti Lake Ellis

Nimekaa siku kadhaa nikidhani hasira itaisha, haijaisha, wacha niandike tu. Hawa watu wamenichaji shilingi mia tano za nzi. Yule nzi wa bandia wa kuvulia trauti, wa manyoya na uzi, ambaye ameenda na samaki kule Lake Ellis, ziwa la Mlima Kenya, kwa sababu mwongozaji wao hajui kufunga fundo. Kampuni siitaji jina, wakisoma watajijua.

Mimi nimekulia karibu na Masinga. Lile bwawa lilikamilika 1981 na baba hakukawia kuanza kuvua pale, kwa hivyo sisi watoto tulishika mshipi kabla ya kushika kalamu. Tilapia, kambale, jicho moja kwa maji na jingine kwa mamba. Trauti sikuwahi kumwona, maana huyo anataka maji baridi, joto la kwetu haliwezi. Ndio nikaweka pesa kidogo kidogo miezi mingi nipande Mlima Kenya nimvue hata mmoja, nimpigie baba simu nimwambie. Nilicholipia ni gari, hema, chakula, fimbo ya kukodi na mwongozaji.

Kutoka Chogoria mpaka geti ni msitu na mianzi na matope, tulikwama mara mbili, hapo silaumu mtu. Hema lilivuja upande mmoja, nimesamehe. Chakula kilikuwa kizuri, chapati moto kwa baridi ile, acha tu. Na ziwa lenyewe! Tulifika alfajiri, ni zaidi ya mita 3,400 juu, nyasi zimeganda umande zinalia chini ya buti, maji yametulia kabisa, halafu unaona viduara vidogo vidogo kila mahali, trauti wanadonoa wadudu juu ya maji. Nilinyamaza. Wangenirudisha nyumbani saa hiyo ningewapa nyota tano na baraka juu.

Sasa huyu kijana. Alitoa nzi akaanza kumfunga, na mimi namwangalia mikono. Akazungusha nailoni mara mbili tu, akavuta kavukavu, akakata ncha kwa meno mpaka karibu na fundo. Nikamwambia kwa upole, ndugu yangu, hilo litateleza, zungusha mara tano hivi, ulilowanishe na mate kabla ya kukaza, nailoni ikikazwa kavu inajiunguza yenyewe. Akacheka. Nilikuwa nimemwambia kwa gari kwetu ni wapi, basi akasema, "Mzee, hapa si Masinga. Hawa ni samaki wa wazungu, wana utaratibu wao." Halafu akaanza kunisomea historia, jinsi Grogan, yule mlowezi Mwingereza, alivyoleta trauti 1905 akawaweka mto Gura kule Aberdare, mayai yametoka Uskoti. Hiyo ni kweli na naijua. Lakini samaki wa leo wamezaliwa huku, wananyonya maji ya huu mlima, na mimi pia ni wa huku, nimelipa kama mgeni mwingine yeyote. Kwa nini nisikilizwe nusu?

Ningekazana aifunge upya. Sikukazana, nilitaka amani, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Nilirusha na kurusha mpaka vidole vikafa ganzi. Mara fimbo ikainama, rili ikalia, samaki akaruka juu nikamwona ubavu mzima, mpana kama kiganja changu na vidole vyake, anang'aa. Moyo ulinienda mbio kama mtoto. Akaingia chini, akageuka, kisha mkononi hakuna kitu. Nyepesi. Kijana akasema, "Umevuta kwa nguvu, boss."

Nikavuta kamba nikaangalia ncha. Yeyote anayevua anajua hili: nailoni ikikatika kwa nguvu, ncha inabaki imenyooka. Ikiteleza kutoka kwa fundo inajikunja kama mkia wa nguruwe. Yangu ilikuwa imejikunja mara mbili, ile ile mara mbili aliyoizungusha. Nikamwinulia karibu na uso. Hakuangalia hata, akageuka akatafuta sigara.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mpagazi, kazi yake ilikuwa kubeba mizigo tu. Alikuja polepole akasema, "Lete nione, mwanangu," akafunga mwingine, mizunguko mitano, akautia mdomoni akaulowanisha, akakaza taratibu mpaka ukalala vizuri. Nikavua wawili wadogo kabla upepo haujaanza. Kwa hivyo nisidanganye, trauti nimevua, na baba nimempigia, alicheka sana. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimeamua nisiandike ubaya wowote, kijana ni kijana atajifunza.

Lakini tumeshuka, nafungua simu, naona bili ya nyongeza: nzi mmoja amepotea, 500. Nikawaandikia WhatsApp nikaeleza yote, nikatuma na picha ya ile ncha. Jibu? "Pole kwa usumbufu, vifaa vikipotea mteja hulipa." Kuhusu fundo hakuna neno. Kuhusu "hapa si Masinga" hakuna neno. Mia tano si pesa ya kuniua, nimeshatuma M-Pesa, ila kulipishwa kosa la mtu aliyenidharau nikiwa nimesimama hapo namwonya, hiyo haimezeki.

Ziwa nendeni, hata kesho, na mbebe fimbo zenu na mfunge wenyewe. Hawa watu nawapa nyota mbili. Hapana, moja. Ile ya pili ni ya yule mzee, na kama kuna mtu wa hiyo kampuni anasoma hapa, mpeni yeye fimbo na huyo kijana abebe mizigo.