Uzoefu wangu: upasuaji wa bega la binti yangu aliyeumia mishipa ya fahamu wakati wa kuzaliwa

Wazazi ninaokutana nao kwenye benchi la fiziotherapia jijini Mbeya huniuliza kama mkono wa binti yangu umepona baada ya upasuaji. Huwajibu kwamba bega lake la kulia linafanya kazi vizuri kuliko zamani, kwamba yapo mambo ambayo sasa linafanya kwa shida kuliko zamani, na kwamba ningekubali upasuaji ule tena. Majibu hayo matatu yanahitaji kuelezwa kwa pamoja, kwa sababu upasuaji wa aina hii huchukua nguvu iliyokuwa ikivuta bega upande mmoja na kuihamishia upande mwingine, na mzazi anayesaini fomu anapaswa kujua mtoto atapata nini na atatoa nini.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida mtoto ambaye alikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa. Kichwa kilipotoka, bega lilikwama nyuma ya mfupa wa kinena changu, na katika juhudi za kumtoa shingo yake ikavutika upande. Sina lawama kwa wakunga walionihudumia, kwa sababu mtoto aliyekwama bega ana dakika chache tu za kuokolewa, na binti yangu aliokolewa. Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni na juu ya mgongo ikiwa na mizizi mitano, na mizizi miwili ya juu, yaani ya tano na ya sita ya shingo, ndiyo huumia mara nyingi zaidi shingo inapovutwa hivyo. Daktari Duchenne wa Ufaransa alieleza hali hii mwaka 1872, na daktari Erb wa Ujerumani akaieleza mwaka 1874, kwa hiyo si jambo geni katika utabibu. Hata hivyo, kwetu Tukuyu niliambiwa kwamba mtoto amebemendwa, na wapo walioleta mafuta ya nyonyo wakitaka mkono uchuliwe na kuvutwa hadi ukae sawa. Niliyapokea mafuta kwa heshima, lakini mkono sikuruhusu uvutwe. Eksirei ilionyesha kwamba mtulinga, yaani mfupa wa mbele unaounganisha bega na kifua, haukuvunjika, na hilo lilikuwa muhimu, kwa kuwa mtoto aliyevunjika mtulinga naye huacha kuusogeza mkono kwa sababu ya maumivu, ingawa mishipa yake ya fahamu ni mizima.

Kabla ya kutimiza miezi 3 alianza kukunja kiwiko, akajaribu kupeleka ngumi mdomoni. Daktari alifurahi kuona hivyo, kwa kuwa kurudi kwa msuli wa kukunja kiwiko mapema ni dalili kwamba mishipa iliyovutika inajirekebisha yenyewe. Mtoto ambaye msuli huo unaendelea kulala baada ya umri huo hupaswa kuonwa haraka na mtaalamu wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, kwa sababu upasuaji wa kuiunganisha hufanywa kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Wetu hakuuhitaji. Upasuaji ninaouzungumzia hapa ni mwingine kabisa, unahusu misuli ya bega na kano zake, yaani kamba zinazoishika misuli kwenye mifupa, na huja baadaye, pale mishipa inapokuwa imekwisha kupona kwa kadiri itakavyopona.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu bega la mtoto wa namna hii huharibika polepole katika kipindi kile kile ambacho familia inafurahia kuona kiganja kinashika na kiwiko kinakunja. Misuli inayozungusha mkono kwa ndani, ya kifuani na ile iliyolala kati ya bapa la bega na mbavu, hupata mishipa ya fahamu kutoka kwenye mizizi mingi, ikiwamo ile ya chini ambayo haikuumia. Misuli inayouzungusha kwa nje hutegemea hasa mizizi miwili ya juu, ambayo ndiyo iliyoumia. Upande wa ndani unashinda siku zote, msuli wake unafupika, na kichwa cha mfupa wa mkono wa juu kinasukumwa nyuma ndani ya kikombe cha bega, yaani shimo linalokipokea kichwa hicho, wakati kikombe bado ni gegedu, tishu laini ambayo haijawa mfupa. Miaka ikipita, kikombe kinapoteza umbo lake, na hapo kuhamisha kano peke yake hakutoshi tena.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha namna ya kulipima hilo nyumbani. Mtoto analala chali, kiwiko kinakunjwa na kugusishwa ubavuni, kisha kiganja kinazungushwa taratibu kuelekea nje. Mkono wa kushoto wa binti yangu ulishuka hadi karibu kugusa godoro. Wa kulia ulikwama ukielekea dari. Tulifanya zoezi hilo kila alipobadilishwa nguo, nami ninaamini ndilo lililotununulia muda, lakini halikutosha. Alipofika umri wa kula mwenyewe hakuweza kupeleka tonge la ugali mdomoni bila kwanza kuinua kiwiko usawa wa sikio, mkao ambao madaktari huuita ishara ya mpiga tarumbeta. Alikuwa akichoka baada ya matonge machache na kuhamia mkono wa kushoto, na kila mgeni aliyeketi nasi alimkanya kwa upole kwamba huo si mkono wa kulia chakula. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kumweleza babu kuhusu mizizi ya shingo. Alichofanya ni kuanza kukataa kula mbele ya watu, na hapo ndipo mimi na baba yake tulipokubaliana kwamba tuombe rufaa.

Rufaa ilitupeleka Dar es Salaam. Daktari bingwa wa mifupa alipima mijongeo mitano kwa kipimo cha Mallet, ambacho huangalia mtoto anavyoinua mkono pembeni, anavyouzungusha nje, na anavyoupeleka kisogoni, mgongoni na mdomoni, kila mjongeo ukipewa daraja kuanzia 1 hadi 5. Kisha akaagiza picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ili aone umbo la kikombe chenyewe, kwa kuwa eksirei haionyeshi gegedu. Picha ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa kimeanza kurudi nyuma, ila kikombe bado kina umbo la kukipokea. Alitueleza kwamba atalegeza msuli wa ndani uliofupika, kisha atachukua kano za msuli mpana wa mgongo na za jirani yake, ambazo kwa kawaida huvuta mkono chini na kuuzungusha ndani, na kuzishona nyuma ya bega ili zivute kwa nje. Si jaribio jipya kwa madaktari wa upasuaji: Sever aliandika kuhusu kulegeza misuli ya mbele ya bega mwaka 1918, L'Episcopo akaeleza kuhamisha kano mwaka 1934, na Hoffer na wenzake wakaeleza mwaka 1978 namna ya kuzishona kwenye kano zinazozunguka kichwa cha mfupa.

Sehemu ya mazungumzo ambayo naithamini kuliko zote ni pale alipotuambia waziwazi kwamba mkono ukizunguka nje vizuri zaidi, utazunguka ndani kwa shida zaidi. Kiganja kinaweza kushindwa kufika tumboni vizuri au mgongoni kabisa. Akatuuliza mtoto anatumia mkono gani kwa shughuli gani, na nikatambua kwamba swali hilo lina uzito wa pekee kwetu. Mkono wa kulia kwetu hula, husalimia na hupokea kitu kutoka kwa mkubwa. Mkono wa kushoto ndio hutumika msalani. Binti yangu ameumia wa kulia, kwa hiyo alichokihitaji zaidi ni kufika mdomoni na kunyoosha mkono mbele, na kujitawaza angeendelea kufanya kwa mkono mzima. Mzazi ambaye mtoto wake ameumia mkono wa kushoto ana hesabu nyingine kabisa, na namshauri amweleze daktari jambo hilo bila kuona haya, kwa kuwa mtoto asiyeweza kufikisha mkono nyuma atahitaji kujifunza njia nyingine ya kujisafisha kabla hajaanza shule.

Kuhusu siku ya upasuaji yenyewe sina mengi. Alipewa dawa ya usingizi akiwa hajala tangu usiku, kama tulivyoelekezwa, na alitolewa akiwa na kovu moja kubwa karibu na kwapa, ambalo leo halionekani akiwa amevaa. Bima yangu ya utumishi, ambamo yeye ni mtegemezi wangu, ilibeba sehemu kubwa ya gharama za hospitali. Kilichotuchosha mfukoni ni nauli na malazi, na mtu anayetoka Nyanda za Juu Kusini aiweke gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu safari ya kurudi kliniki haiepukiki.

Lawama yangu moja ni ya maelezo. Hakuna aliyetuambia mapema mtoto atatoka na hogo la namna gani. Lilianzia kiunoni, likapita kifuani na kuushika mkono mzima ukiwa umeinuliwa pembeni na kiganja kikitazama mbele, na alipaswa kukaa nalo kwa muda wa wiki sita. Mtoto wa hivyo habebeki kwa mbeleko, haingii kwenye sweta lolote, na kwenye basi anahitaji siti yake pamoja na nafasi ya mkono wake. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ina zaidi ya kilomita 800, ikiwa na mlima Kitonga katikati, na Tukuyu ni mbele zaidi. Tulilipia siti za ziada na kusafiri kwa kituo, tukilala Iringa kwa ndugu. Baridi yetu ya Juni na Julai ilinilazimu kupasua sweta mbili ubavuni na kuzishonea vishikizo, na shuka zito lililokunjwa likawa mto wa kuegemeza mkono usiku. Mambo haya yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kupewa kila mzazi kabla ya kupanga tarehe.

Hogo lilipotolewa mkono ulikuwa mwembamba na mtoto aliogopa kuusogeza. Msuli uliohamishwa haujui kazi yake mpya. Kwa miaka yote ulikuwa ukivuta chini na ndani, na sasa mtoto anapaswa kuufundisha kuvuta nje. Hapa fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya Mbeya ilitusaidia kwa uvumilivu ambao sitausahau, lakini kazi kubwa ilifanyika nyumbani. Tulimwekea bangili kwenye msumari ukutani na kuupandisha kila alipoufikia. Alianika soksi kwenye kamba, alijimwagia maji kichwani kwa kikombe, na alifikia majani ya chini ya mparachichi ulioko uani. Usiku alivaa kifaa cha kuushikilia mkono katika mkao ule ule wa hogo, nacho ndicho alichokichukia kuliko vyote.

Leo ana miaka sita. Ule mkono uliokuwa ukikwama kuelekea dari unashuka zaidi ya nusu ya njia kwenda godoroni. Tonge linafika mdomoni huku kiwiko kikiwa chini ya bega, na anachana nywele za mbele na za pembeni kwa mkono wa kulia. Kisogoni anafika kwa kuinamisha kichwa. Vifungo vya shati usawa wa kitovu anavifunga kwa mkono wa kushoto, na mkanda wa gauni unaofungwa nyuma hafungi. Nguo zake zote sasa zina vifungo mbele. Mkono wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto, jambo ambalo upasuaji haukuahidi kulirekebisha. Anakula mbele ya wageni.

Ningemshauri mzazi aombe kupimwa bega mapema hata kama kiwiko na vidole vimerudi vizuri, na asikubali kuambiwa asubiri mtoto akue bila mtu kuupima mzunguko wa nje kila anapofika kliniki. Sisi bado tunafuatiliwa hadi atakapomaliza kukua. Mzunguko wa nje ukipungua tena, hatua itakayofikiriwa ni kukata mfupa wa mkono wa juu, kuuzungusha na kuufunga kwa bamba la chuma, jambo linaloweza kufanywa hata kwa mtoto ambaye kikombe chake kimeharibika. Nimekwisha kumwomba daktari kwamba tukifika huko amweleze binti yangu mwenyewe kiasi gani cha kuzungusha ndani kitakachobaki, kwa kuwa wakati huo atakuwa na umri wa kusema anautaka mkono wake ufanye nini.